Mfongo wa Kale wa Jengo la Tatu

Wapangaji na watumishi wote walitangaziwa kwa spika kwamba mfereji ulio nyuma ya jengo la tatu, hapa ughaibuni, Jumeirah Village Circle, tangu leo ni turathi ya kale. Ni marufuku kuuvuka, kuuchimba, wala kuchota maji yake.

Haya, tegueni: kitu gani kilizaliwa Machi, Juni kikawa mhenga?

Ndio mfereji huo. Martina, mfagizi wa jengo, mzaliwa wa Kilema kule Uchagani, aliuchimba kwa upawa, upeleke maji yanayodondoka kwenye viyoyozi hadi kwenye tuta lake la mchicha, mboga ya wenzake wa chumba kizima. Kwao mfereji wa namna hiyo huitwa mfongo.

Lakini meneja, Sir Herbert, alitoka kisiwa kimoja cha Uskoti, ambako mfereji wa kinu cha babu zake unalindwa na serikali, hata jiwe halisogezwi. Alipoona vijiwe alivyopanga Martina ukingoni, machozi yakamlenga. Akaunda Kamati ya Mfereji, akajipa uenyekiti, akazungusha kamba. Mchicha ulionekana ni wa kisasa mno, ukakatiwa maji.

Martina alikwenda kueleza kwamba mfereji kauchimba yeye. Akajibiwa kwa upole kuwa kamati imeshafanya utafiti, na wachimbaji walikufa zamani. Akarudi kutazama majani yakilala.

Siku ya uzinduzi alikuja madam wa makao makuu ya kampuni. Sir Herbert akasoma azimio: mfereji utalindwa pamoja na desturi zake zote. Madam akauliza ni zipi. Sir akamwita Martina, maana aliwahi kumsikia akitaja mifereji ya kwao.

"Zipo, madam," Martina akasema, mikono nyuma. "Kila Ijumaa mwenyekiti huvua viatu, akaingia wa kwanza kuzoa tope. Wanakamati humfuata. Na maji lazima yaishie kwenye mboga. Yakipotea bure ni mkosi."

Kusema haki, kule Kilema mkubwa wa mfongo husimama ukingoni akatoa amri. Lakini hapa si Kilema.

"Martina, una hakika?" Sir akanong'ona.

"Azimio linasema zote, sir."

Madam akatazama saa. "Yalla, Mister Herbert, haya, twende kazi."

Ijumaa iliyofuata, Protas, mlinzi wa getini, alimkuta Sir Herbert mferejini, suruali magotini, akimgombeza mhasibu, mwanakamati mwenzake, kwa kuchelewa. Martina alisimama ukingoni, fungu la mchicha kwapani, akimwonyesha Sir kwa kidole tope aliloliacha.