Mwanga, Misumari na Chumba Chenye Mlango

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo bahati imebisha hodi. Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu katangaza kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi, na mada ni mwanga. Walimu wawili wa sayansi, yaani mimi na Madamu Upinde, kila mmoja atafundisha mbele yake. Wanafunzi: chekechea, darasa la nne na kidato cha pili, wote chumba kimoja. Shule yetu inao wote hao, kuanzia wanaonyonya vidole hadi wanaoota ndevu. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu mpya wa idara.

Na mkuu wa idara anapewa chumba! Ni kidogo, kiko nyuma ya stoo, kinanuka rangi. Lakini kina mlango. Mlango wenye kitasa na ufunguo! Ofisini nabanwa meza moja na kiwiko cha mwalimu wa michezo. Nyumbani sebule imetekwa na mama mkwe, aliyekuja kututembelea na sasa anachagua rangi ya mapazia. Madaftari nasahihishia jikoni, juu ya ndoo iliyofunikwa. Tangu niwe mtu mzima sijawahi kufunga mlango nyuma yangu, ila wa choo, na huo nao hugongwa. Nautaka mlango ule mpaka nauota usiku.

Madamu Upinde ni jina alilopewa na watoto. Ana kipande cha kioo cha pembe tatu. Akikiweka juani, rangi za upinde wa mvua zinatokea ukutani. Basi. Hana kingine. Mwondolee kioo, anabaki mtu wa kawaida kabisa. Baada ya kikao kanitakia kila la heri, tena kwa tabasamu. Unafiki mtupu!

Mke wangu kanishauri niache hila, nisome kitabu. Nikamjibu kwamba mwanga hausomwi, unaangaliwa. Akaguna.

Jumanne, 7 Oktoba

Jaribio la kwanza: chekechea. Somo la vivuli, uwanjani, asubuhi. Niliwaeleza kwamba mwanga ukizuiwa na kitu, nyuma yake panakuwa na kivuli. Rahisi. Nikawauliza, je, usiku vivuli vinakwenda wapi? Mmoja akasema vinalala uvunguni. Wa pili akasema mama yake anavifua. Wa tatu hakujibu swali, alitaka tu kujua mbona kivuli changu kina tumbo.

Nikaupuuza utovu huo wa adabu. Nikawaambia kila mmoja akanyage kivuli cha mwenzake. Kosa! Aliyekanyagwa wa kwanza akapiga ukunga kwamba ameumizwa. Jirani yake akamlipizia. Ndani ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa vilio, na kila mtoto anakimbia kukiokoa kivuli chake, nacho kinamfuata, naye analia zaidi. Mwalimu wao alikuja kuwakusanya. Alicheka hadi akaushika ukuta.

Nilipopita kwa Madamu Upinde nikachungulia. Watoto walewale wametulia kama maji mtungini, wamepanga foleni, kila mmoja akingoja zamu ya kushika rangi kiganjani. Nimekasirika, sitaficha. Lakini simba hunyata kabla hajaruka.

Jumatano, 8 Oktoba

Jaribio la pili: darasa la nne. Vioo. Vya shule vimepasuka, kwa hiyo nimeazima kioo kikubwa cha mama mkwe, kile cha kusimama. Nimeazima bila kumsumbua. Alikuwa bado amelala.

Somo lilikwenda kama asali! Mtoto mmoja alikamata jua kwa kioo cha mama mkwe nje, akalirusha kwa mwenzake mwenye kioo kidogo mlangoni, naye akalirusha ubaoni. Wenyewe wakagundua kwamba mwanga unakwenda moja kwa moja, na kwamba ukiinamisha kioo, nao unageuka. Mimi nilikuwa nasema "safi" tu. Kisha mwenye kioo kikubwa akapiga chafya. Mwanga ukaruka hadi dirisha la mwalimu mkuu, ukamtua machoni akiwa na kikombe cha chai. Chai ikaenda kwenye barua za wazazi. Alipotoka na kuuliza nani kafanya vile, nikamjibu kwamba jua la msimu huu ni kali.

Kioo nimekiacha kabatini darasani. Jioni nimemkuta mama mkwe akifunga kilemba huku anajitazama kwenye mfuniko wa sufuria. Kaniuliza, mkwe wangu, kioo changu kimekwenda wapi. Nikasema kipo kwa fundi. Mke wangu akanitazama. Nikakumbuka nina madaftari jikoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Akili ni mali! Leo nimepata wazo ambalo lingestahili nishani. Kioo cha Madamu Upinde kinahitaji nini? Jua. Na jua linaingilia wapi? Madirishani. Kitumbua chake nakitia mchanga kesho, tena bila kugusa kioo chenyewe!

Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba somo langu linahitaji giza. Ni kweli kabisa: nitawasha tochi, nipige dasta hewani, vumbi la chaki lionyeshe njia ya mwanga. Akakubali. Lakini anayeanza kufundisha ni Madamu Upinde, asubuhi, na chumba ni hichohicho. Nimeziba madirisha yote kwa kadibodi nyeusi na misumari, kila upenyo. Kiganja hukioni. Upinde uje sasa!

Hitilafu moja ndogo. Msumari mnene uliteleza, ukatoboa kadibodi ya dirisha la upande wa jua la asubuhi. Nikapumzika kidogo humo gizani, na mara nikaona ukutani kitu cha ajabu: uwanja wa shule, wenye rangi zake, umepinduka. Mti umesimama kwa matawi. Mfagizi anatembea kichwa chini, ufagio juu. Nikafikicha macho. Bado! Kadibodi mbovu hii, nimeuziwa takataka. Nikaziba tundu kwa chingamu niliyokuwa natafuna, uwanja ukapotea. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi chumba kimejaa. Chekechea mikekani mbele, darasa la nne nyuma yao, kidato cha pili wamesimama ukutani kama mabaunsa. Mkaguzi kwenye kiti: mzee mkavu, miwani, haonyeshi jino. Akaingia Madamu Upinde, akaliona giza. Nikangoja machozi.

Akapiga makofi! Akasema miaka yote ameomba chumba cha giza hakupewa, maana penye mwanga mwingi rangi zake hupauka kama kanga iliyofuliwa sana. Akapapasa kadibodi, akaipata chingamu yangu, akaibandua. Jua la asubuhi likapenya pale tunduni, jembamba, limenyooka. Akaliwekea kioo. Mungu wangu! Upinde ulitanda ukuta mzima, rangi zinachoma. Mtoto wa chekechea alijaribu kulamba nyekundu. Wa darasa la nne walibishana ni rangi ngapi. Wa kidato cha pili wakauliza kwa nini zambarau inapinda kuliko nyekundu, naye akawaeleza. Mkaguzi alisimama wima.

Akauliza nani kaandaa chumba hiki. Madamu Upinde akanionyesha mimi, akasema mwenzake huyu ana moyo safi. Watu wakanipigia makofi. Nikainama. Ningefanya nini?

Baada ya mapumziko, zamu yangu. Liwalo na liwe. Nikafunga mlango, giza likarudi. Nikabonyeza tochi. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaitikisa, nikaipiga na goti. Ndipo nikakumbuka kwamba jana jioni redio ya mama mkwe ilipata nguvu mpya. Betri zangu!

Nikasimama gizani mbele ya mkaguzi. Kichwa kitupu. Naona mlango wangu, kitasa chake, ufunguo wake, vyote vinakwenda kwa mwingine. Nilitamani kulia, naapa. Sikusema neno, muda ukapita, macho ya watu yakazoea giza.

Ghafla mtoto wa chekechea akasema, "Bibi yule hataanguka?"

Nikageuka. Jua lilikuwa limepanda, mwale wake hauingii tena. Nilikuwa nimesahau kabisa lile tundu. Ukutani umerudi uwanja uliopinduka, na katikati yake, miguu juu, kilemba chini, anakuja mama mkwe. Anatembea kwa hasira. Kadiri anavyokaribia ndivyo anavyokuwa mkubwa. Kumbe mke wangu amesema ukweli kuhusu fundi.

Chumba kikalipuka. Chekechea wakampungia bibi mkono. Msichana wa darasa la nne akapaza sauti kwamba mwanga hauwezi kupinda tunduni, kwa hiyo unaotoka kwenye kilemba lazima ushuke ukutani, na unaotoka miguuni lazima upande. Mvulana wa kidato cha pili akanyakua chaki, akachora kwa kupapasa mistari miwili inayokatana kwenye tundu, akawaonyesha wadogo. Wadogo wakaelewa! Mimi bado kinywa wazi. Kwa bahati, gizani haionekani.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, picha ikafutika, na mama mkwe akatokea, safari hii kichwa juu, miguu chini. Akadai kioo chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikamtambulisha haraka: huyu ni mzazi wetu, amejitolea kutembea uwanjani kwa ajili ya somo. Makofi yakamwangukia. Mama mkwe alimtazama mkaguzi, akarekebisha kilemba, akashukuru, akasema ni wajibu wake kwa watoto wa taifa.

Mkaguzi alinishika mkono kwa mikono miwili. Kasema hajawahi kuona mwalimu mwenye ujasiri wa kunyamaza kiasi kile, akawaacha watoto wagundue wenyewe, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Akauliza mbinu hii inaitwaje. Nikasema, Mbinu ya Subira. Akaiandika!

Madamu Upinde amesifiwa pia. Ila ufunguo nimepewa mimi. MIMI! Madamu Upinde alikuwa wa kwanza kunipongeza, akaniambia ameomba abaki na chumba cha giza tu, hataki zaidi. Mtu asiye na makuu. Ndiyo maana ameshindwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika haya nikiwa chumbani kwangu. Nimefunga mlango. Nimefungua. Nimefunga tena. Hakuna kiwiko. Nimekaa tu, nikausikiliza ukimya, nikafurahi hadi nikaona aibu.

Mama mkwe amesamehe. Anawaeleza majirani kwamba anafundisha sayansi. Mke wangu asubuhi kaniuliza nimejifunza nini kwenye mkasa huu wote. Nikamjibu bila kusita: hila ikipangwa vizuri, hulipa. Akafumba macho muda mrefu.

Kazi imeanza mara moja. Mkaguzi kaleta taarifa kwamba atarudi mwezi ujao, mada ni sauti. Madamu Upinde tayari ameanza kukusanya watoto. Amefunga nyuzi kwenye kisanduku, anawapigia, na foleni mlangoni kwake imefika uani. Mlangoni kwangu hajabisha mtu. Lakini kanuni inasema mkuu wa idara ndiye anayegawa vyumba vya kufundishia. Chumba cha chekechea, chenye mapazia, mazulia na magodoro, nimejipa mimi. Yeye nimemtupa kwenye ukumbi wa zamani: mkubwa, mtupu, kuta za saruji, hauna hata kiti, ukikohoa kikohozi kinakurudia. Kisanduku kile kidogo nani atakisikia humo? Nimetia sahihi na muhuri.

Maskini Madamu Upinde. Nimeanza hata kumhurumia.