Nyuzi Kumi na Nane za Averil

Jumatatu, 7 Julai

Mvua ya mlalo. Chumba cha kulala nyuzi saba. Averil amepiga simu kutoka Nelson, kaskazini kwenye joto, saa kumi na mbili jioni, kama kawaida, kuuliza kipimajoto kinasema nini. Nikasema kumi na nne. Akauliza nimekiweka wapi. Nikasema ukutani. Akauliza ni ukuta gani huo wenye kwapa.

Wiki ya saba sasa tangu mke wangu ahamie kwa dada yake, Merle. Daktari alisema kifua chake hakitahimili baridi nyingine hapa Bluff, kusini kabisa mwa nchi, labda chumba kifike nyuzi kumi na nane. Kumi na nane! Baba alilea watoto sita katika nyumba hii na hakuna aliyeona kumi na nane ila Januari, kiangazi chetu. Mtu akisikia baridi, alivaa sweta. Akizidiwa, alivaa na la mwenzake.

Merle amemtafutia Averil kijumba cha kukodi nyuma ya kanisa lao. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Akikubali, harudi tena. Hakusema hivyo, lakini ameagiza koti lake la kiangazi.

Habari njema: serikali inatoa ruzuku. Wanaweka magodoro ya kuzuia baridi darini na uvunguni mwa nyumba, baina ya sakafu na udongo, kisha mashine ya joto ukutani. Nimejaza fomu. Mkaguzi anakuja tarehe kumi na tano.

Habari mbaya: jirani wa ng'ambo ya barabara, Hinewai Tipene, amekwisha kupata yake.

Jumanne, 8 Julai

Hinewai barazani kwake, blauzi ya mikono mifupi. Julai, katikati ya majira yetu ya baridi! Akapaza sauti kuniuliza kama nimerudia sigara au ile ni pumzi tu. Nikamwambia ni pumzi. Akasema basi nipunguze kupumua, Mzee Murdo, nitajiumiza.

Nikavuka kumuuliza aliipataje. Alijaza fomu, akafungua mlango, akawapikia chai. Basi. Mwongo mkubwa! Hakuna aliyewahi kupata kitu cha serikali kwa chai. Kuna ujanja, na ananificha.

Nimesoma fomu upya, hadi maandishi ya chini kabisa. Nimeupata! Mashine ya joto hupewa nyumba ambayo haina hita wala jiko la kupashia joto linalofanya kazi. Mimi ninalo jiko la makaa ya mawe, la baba, sebuleni. Ndicho kitu pekee chenye uhai humu ndani tangu Averil aondoke.

Lazima litoke.

Alhamisi, 10 Julai

Limetoka. Kazi ya kutwa, na ukucha mmoja. Limeacha tundu la dohani kwenye paa, ukubwa wa kichwa cha ndama. Nimeliziba kwa koti langu la mvua. Mvua bado inaingia, lakini kwa adabu.

Hinewai alikubali kulihifadhi kwenye gereji yake kwa muda. Kufikia jioni alikuwa ameliunga bomba na kuliwasha. Ameweka na kiti. Anachemsha supu. Akaniambia nimletee makaa yaliyobaki, maana mimi yananisaidia nini tena. Nikampelekea. Sijui kwa nini nilimpelekea.

Sebule nyuzi tano. Nikamwambia Averil kumi na tano. Akanipa hongera. Akaongeza kwamba meno yangu yanagongana hadi Nelson.

Jumapili, 13 Julai

Wazo kubwa! Utaratibu wao ni dari kwanza, uvungu pili, mashine mwisho. Kwa nini nipange foleni? Nikijaza dari mwenyewe, mkaguzi ataona mimi ni mtu makini, ataruka hatua.

Stobo, mfugaji wa Wallacetown, analia kila siku kwamba sufu haina bei. Nikamwomba kidogo. Amenipa magunia kumi na manne, bure, na akanishukuru. Ningepaswa kushtuka. Mfugaji akikushukuru, kuna jambo. Ni sufu ya tumboni na ya nyuma ya kondoo, ile inayoning'inia, pamoja na vilivyoning'inia nayo.

Nimetambaa darini kutwa nzima nikiitandaza. Harufu imeshuka nami, na naona haina mpango wa kuondoka. Lakini chumbani nyuzi nane! Nane, bila kwapa.

Leo simu aliichukua Merle. Akasema, shemeji, mkeo hajakohoa siku nne. Alisema kama anayetangaza bao. Nikafurahi. Kisha nikakaa kitandani, upande wake, na sikufurahi tena.

Jumanne, 15 Julai

Mkaguzi amekuja. Tavita Leota, Msamoa, mabega kama mlango wa ghala, sauti ya upole. Ananiita mzee wangu. Nilikuwa nimeandaa mikate ya jibini kumi na miwili, ile ya kukunja na kuchoma, siagi juu na chini. Akala saba na kushukuru kila mmoja. Nikajua ruzuku ni yangu.

Akapanda darini. Akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Akashuka na vitu kwenye nyusi. Akaniuliza, bila kucheka, kama kondoo mwenyewe bado yuko juu.

Maelezo yake, kwa ufupi. Dari ambayo mwenye nyumba ameijaza takataka, mafundi hawaigusi. Sufu yote itoke, dari iwe tupu na kavu, na tundu lenye koti lizibwe kwa bati. Uvunguni inatakiwa nafasi ya sentimita hamsini ili mtu aweze kutambaa. Upande wa chumba cha kulala mimi ninazo thelathini. Nikamshauri alete mtu mwembamba. Akasema mafundi wote ni ndugu zake.

Kisha akaona alama nyeupe ukutani, akauliza palikuwa na nini. Nikamweleza kuhusu jiko, kwa fahari kidogo. Akasema majiko ya makaa ya zamani hayahesabiwi, mzee wangu. Lingebaki tu.

Akachukua mkate wa nane.

Atarudi tarehe ishirini na tano. Akikuta mambo sawa, mafundi watakuja tarehe ishirini na tisa. Muda upo!

Ijumaa, 18 Julai

Siku tatu za kushusha sufu. Ikilowa, uzito mara mbili. Stobo amekataa kuipokea, anasema shukrani zake ziko palepale. Nimeirundika uani. Hinewai akauliza kutoka kwenye joto la gereji kama nimeanza kunyoa kondoo, na mnyama mwenyewe nimemweka wapi.

Dari tupu, tundu lina bati. Chumba nyuzi sita.

Leo nilichoka. Nikamwambia Averil ukweli: sita. Akauliza kama ninakula. Nikasema ninamalizia mikate minne ya mkaguzi. Akasema, Murdo, bwana wewe, omba watu wakusaidie, Hinewai ana kaka fundi wa misingi, kazi yake ni hiyo hiyo ya uvunguni.

Nikamwahidi nitalifikiria. Nimelifikiria. Hapana.

Jumatatu, 21 Julai

Uvunguni tangu asubuhi, kifudifudi, na koleo la bustani. Nachimba, napakia kwenye beseni, naburuta kinyumenyume, namwaga, narudi. Kuna giza na kuna unyevu, lakini kusema kweli hakuna baridi kama juu. Nimekula chakula cha mchana hukohuko.

Udongo wa katikati ni mgumu kama nini. Lakini kwenye nguzo ya kona ni laini ajabu, unatoka wenyewe! Nikahamia huko. Sentimita hamsini kabla ya saa nane. Hamsini na tano kabla ya chai!

Hinewai akapita, akainama, akamulika tochi. Akasema nguzo husimama juu ya udongo, Mzee Murdo, udongo haukuwekwa pale kuipamba. Akasema kaka yake anaweza kuja kesho asubuhi, na kwamba Averil amemwomba anisimamie.

Kumbe wanapigiana simu. Nikamjibu nikiwa uvunguni kwamba ninajua ninachofanya. Nilimeza udongo kidogo.

Alhamisi, 24 Julai

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia sauti kama ya mtu mnene anayekaa kwenye kiti cha zamani. Kona ya chumba cha kulala imekaa chini kwenye udongo.

Mlango wa chumba haufungiki. Dirisha limekwama wazi, upana wa vidole viwili, na upepo wa kusini umeshapajua. Bilauri nikiiweka mezani, inatembea. Kitanda kimeshuka peke yake hadi ukutani. Nyuzi nne.

Na kesho ni Tavita!

Nikachukua jeki ya gari, nikaiweka chini ya kona, nikainua. Nyumba ikanyooka! Nilitoka nje nikasimama mbali na kuitazama. Ilikuwa imenyooka kuliko enzi za baba. Nikaenda kumwita Hinewai aje ajionee. Alipofika, jeki ilikuwa imezama yote.

Hakucheka. Hilo lilinitisha.

Ijumaa, 25 Julai

Tavita alikuja na pimamaji mkononi. Akasimama mlangoni, akatazama taa inayoning'inia kimshazari sebuleni, akalirudisha mfukoni bila kulitumia.

Akaniwekea mkono begani. Mkono mzito, wenye joto. Ofisi haiwezi kumruhusu mtu aingie chini ya nyumba hii. Faili linafungwa. Nimtafute fundi ainue kona, nipate cheti, niombe tena mwakani. Nikamuuliza kama hakuna namna. Akasema pole sana, mzee wangu. Akasema kwa kunitia moyo kwamba hajawahi kuona dari safi kama ile.

Nilikuwa nimechoma mikate mipya. Akakataa hata mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa.

Jioni simu ililia. Sikuipokea. Iliendelea kulia, kama mtu anayejua uko ndani.

Jumanne, 29 Julai

Leo nimepokea. Averil amekubali kijumba. Alisema bila kulia, kwa hiyo alikuwa amekwisha kulia kabla.

Nikataka kusema kitu kuhusu mwakani. Akaniambia ninyamaze, hajamaliza. Kijumba kina kitanda cha watu wawili. Nyuzi ishirini na moja, na hakuna anayegusa kitu, joto linakuja lenyewe. Anaweza kupumua bila kusikia filimbi kifuani. Jana alitembea hadi sokoni na kurudi, na njiani aliimba. Averil! Sijamsikia akiimba miaka sita.

Akasema, njoo, Murdo. Iache nyumba, kaka yake Hinewai ataishughulikia. Njoo na begi tu. Amenikatia tiketi ya ndege ya Alhamisi kutoka Invercargill. Hinewai atanipeleka, wameshapanga.

Miaka arobaini na moja na yule mwanamke. Nikasema nitaenda. Nikasema mara mbili.

Nimefungasha. Masweta manne, viatu vya kanisani. Nimelala nimeshikilia kitanda kisishuke, na kwa mara ya kwanza tangu Mei sikuutazama ukuta wenye kipimajoto.

Jumatano, 30 Julai

Ajabu! Posta imeleta barua. Si ya ile ofisi, ni ya nyingine kabisa. Ruzuku ya madirisha ya vioo viwili, ya majaribio, wilaya yetu peke yake! Hawahitaji kuingia uvunguni wala darini. Kipaumbele ni nyumba ambazo madirisha ya chumba cha kulala hayatengenezeki tena. Mkaguzi anapita mtaa wetu Alhamisi.

Nikampigia Averil mara moja. Nikamweleza yote, hadi unene wa kioo. Akauliza Alhamisi ipi. Nikasema hiyohiyo. Nikamwambia kufikia Novemba hatakitambua chumba chetu. Akasema hilo analiamini. Kisha akakata simu, taratibu, kwa hiyo naona ameelewa.

Shida ni moja. Madirisha yangu ni mabovu lakini bado yanatengenezeka. Mtu yeyote ataona. La kushoto nimekwisha kulipasua. La kulia ni gumu, mbao za zamani, nyundo yangu inadunda tu. Hinewai anayo kubwa. Asubuhi nitaiazima kwake. Atakuwepo nyumbani, maana safari ya uwanja wa ndege haipo tena.