Usukani wa Sentimita Themanini

Maumivu ya mtu asiye na kitu hayamfaidishi yeyote, lakini maumivu ya mwenye nacho ni ajira. Hilo Daktari alilitambua Jumamosi moja asubuhi, akiwa kwa kinyozi anangoja zamu yake. Waendesha baiskeli tisa waliteremka kutoka mlimani, wenye vitambi vya kutosha na helmeti mpya. Mmoja alishika kiuno. Mwingine alikung'uta viganja akilalamika kwamba vimekufa ganzi. Wa tatu, muuza mbao, alikuwa anaisema baiskeli yake kwa maneno ambayo baiskeli haikustahili. Daktari akaondoka bila kunyolewa.

Udaktari wenyewe, wa baiskeli na wapandaji wake, tuseme ukweli, ulikuwa wa kuvaa. Koti jeupe lilikuwa la muuza nyama mmoja aliyefunga bucha, na hata futi ya kupimia hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mdomo. Kwa mdomo huo alipata nusu ya baraza ya Mama Mshonaji, mjane aliyeshona sare za shule, kwa ahadi ya kuitunza baiskeli yake bure. Siku hiyohiyo akaazima na futi yake ya nguo. Hakuirudisha.

Muuza mbao alifika Jumatatu.

"Lala chini," Daktari akamwambia.

"Nilale chini wapi?"

"Hapo sakafuni, kifudifudi. Piga pushapu tatu. Viganja vinapotua vyenyewe, ndipo usukani wako unapotakiwa kuishia."

Muuza mbao akapiga moja na nusu. Daktari akapiga magoti, akapima kutoka kiganja hadi kiganja, akaguna, akapima tena, akaandika kwenye daftari kitu ambacho hata yeye asingeweza kukisoma.

"Mzee, usukani huu nani alikuuzia?"

"Dukani. Kwani una nini?"

"Sipendi kuwasema watu. Ila wewe na baiskeli yako hamjaelewana."

"Kivipi?"

"Usukani mwembamba, shingo ndefu." Shingo, alieleza, ni kile kipande cha chuma kinachoushika usukani na kuuunganisha na baiskeli. "Ikiwa ndefu, kwenye mteremko unatangulia wewe, baiskeli inakufuata. Panua usukani, fupisha shingo, utaona. Iache hapa, uje keshokutwa."

"Na shemeji yangu nitampita mlimani?"

"Shemeji yako atajuta kukuoza dada yake."

Cha kusikitisha ni kwamba habari ile ya shingo na usukani ilikuwa kweli. Daktari aliisikia kwa fundi mmoja mwaminifu aliyemvumilia siku kumi na moja. Uongo ulianzia kabatini. Ndani ya kabati mlikuwa na shingo moja na usukani mmoja, vyote vya kuokota. Mwalimu mstaafu, mteja wa kwanza, alifungiwa hivyo viwili. Vya zamani vya mwalimu vikasuguliwa kwa mafuta, vikaviringishwa gazetini, akafungiwa muuza mbao kama mali iliyoshuka jana. Vya muuza mbao akapewa nesi, mteja wa tatu. Vyuma vya wateja vikauzunguka mtaa kama sahani ya mchango, na kila mmoja alilipia. Na walipona, wiki ya kwanza angalau, maana mtu aliyelipa huona haya kuendelea kuumwa.

Angeishia hapo, huenda angezeekea barazani pale. Lakini jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye baiskeli ya Mama Mshonaji.

Baiskeli ilikuwa ya kawaida. Usukani haukuwa wa kawaida. Mdogo wake Mama aliyefanya kazi ng'ambo ndiye aliyemletea: sentimita themanini kutoka ncha hadi ncha, mwepesi hata ukadhani umeshika mwanzi. Mama aliupenda kuliko alivyokubali kusema. Kila Jumatatu aliutundikia furushi la sare huku na huku, akapeleka shuleni bila furushi kugusa goti.

"Mama yangu, huu mpana mno kwa mabega yako," Daktari akamwambia kwa huruma. "Utakuvunja mgongo. Nitakufungia saizi yako."

Mama akakubali. Jumatatu iliyofuata mafurushi yakamgonga magoti kwenye kona ya kisimani, na mashati arobaini meupe yakaingia matopeni pamoja na aliyeyashona. Aliyafua na kuyapiga pasi siku mbili. Mkuu wa shule akamwambia kwamba akichelewa tena, kazi atapewa mwingine. Mama alilia kidogo, akiwa peke yake, kisha akainuka kutazama usukani ule mpya.

Mpira wa mshikio ulikuwa umelegea. Alipouvuta, chini yake akakuta plasta nyeupe ya hospitali imeandikwa kwa kalamu: MALI YA NESI, USIGUSE. Nesi huandika hivyo kwenye kila kitu chake, hadi vijiko.

"Nesi, usukani wako wa zamani uko wapi?" akamuuliza jioni.

"Daktari alisema umepelekwa kuyeyushwa."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Wa kwake alikuwa ameshauona: uko kwenye baiskeli ya Daktari mwenyewe, umezungushiwa utepe mweusi. Angeweza kupiga kelele, lakini mdomo ule ungemgeuza yeye kuwa mwongo mbele ya watu. Kwa hiyo akawapitia wateja nyumba kwa nyumba. "Jumapili saa mbili asubuhi Daktari anawapima wote tena, bure. Njooni na baiskeli."

Neno bure liliwaleta wote, na nusu saa kabla.

Daktari alikuwa ndani ya chumba cha cherehani anakunywa chai aliposikia sauti ya mwalimu barazani. "Samahani, mzee wa mbao, hiyo shingo ina mkwaruzo wangu. Mimi niliigonga kwenye geti." Halafu sauti ya muuza mbao, nene. Halafu nyayo za watu tisa, kutoka baiskeli hadi baiskeli.

"Mama yangu," Daktari akamnong'oneza Mama Mshonaji kwenye cherehani, huku akifunga begi la mapato kwenye baiskeli yake mle chumbani, "nyuma kuna njia?"

"Ipo, mwanangu. Moja kwa moja, ni mteremko. Usikanyage breki."

Kwa kweli njia ilikuwepo. Ilikuwa kichochoro kati ya kuta mbili, kipana mlangoni, kisha kinabana taratibu kuelekea barabarani. Mama alikuwa akipita hapo miaka mitatu, na kila safari hushuka, akainua gurudumu la mbele, akaukunja usukani upande. Daktari hakuwahi kupita. Yeye alikuwa mtu wa kuingilia mbele.

Akateremka kwa kasi na tabasamu. Katikati ya kichochoro ncha mbili za usukani ziliuma kuta kwa wakati mmoja, baiskeli ikasimama, Daktari akaendelea. Alipoinuka upande wa pili, akarudi kuivuta. Haikusogea hata kidole. Akalivuta begi, lakini fundo alilifunga mwenyewe, la kitaalamu. Na nyuma ya begi watu tisa walikuwa wameshaingia kichochoroni, muuza mbao mbele.

Mama Mshonaji alikuwa amezungukia barabarani. Akaingia bila haraka, akaichomoa futi yake kwenye mfuko wa koti jeupe, akapima ukuta hadi ukuta mbele ya gurudumu.

"Sabini na nne," akasema. "Baba, wewe na njia yako hamjaelewana. Iache hapa, uje keshokutwa."

Daktari akatazama begi, akamtazama muuza mbao, akala kona. Koti alilivulia njiani.

Begi likafunguliwa barazani, kila mtu akapata chake, na shughuli ya kurudishiana vyuma ikachukua asubuhi nzima. Mama aliufunga usukani wake mwenyewe, akaufuta kwa khanga, akautundikia furushi moja kuujaribu. Goti halikuguswa. Wengine wakaaga. Muuza mbao alibaki, ameshika usukani wake mkono huu na ule wa kuokota mkono wa pili.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kwa mtu kama mimi, hasa, upi unafaa? Maana shemeji yangu..."

Mama akakunjua futi.

"Lala chini," akasema.