Mji wa Hero, Ambao ni Zizi la Ngamia

Takaba, Machi 1996

Kwa Dakta Munyao, mwanaakiolojia, katika hema lake.

Assalamu alaykum, mwanangu. Nakuandikia nikiwa kitandani. Daktari ameacha kunipa dawa, sasa ananipa pole, kwa hiyo nitafupisha.

Umetangaza kwamba umegundua ukuta wa mji wa zama za kati uitwao Hero. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulimuuliza shemeji yangu Fatumo hapa ni wapi, akakujibu, "Hero." Kwetu hero ni zizi la mifugo. Ungemkuta jikoni, leo tungekuwa na mji wa Sufuria.

2. Shimo unaloliita kituo cha walinzi lilikuwa malazi ya dume letu la ngamia. Alimuuma kila mtu isipokuwa marehemu mke wangu, Sharifo. Kwa hilo nakubali, ulinzi ulikuwepo.

3. Mbuzi wamekula kamba zako za kupimia. Vijana wako wanawatukana kwa Kikamba, nao wanaelewa Kisomali tu.

4. Kamba iliyobaki imepita juu ya kaburi la Sharifo. Kwenye ramani yako umeliandika "rundo la mawe." Rundo hilo lilinizalia watoto na kunikosoa miaka yote ya ndoa. Nafasi iliyo kando yake ni yangu, na nitaihitaji pengine kabla hujamaliza chai yako.

5. Kwa hiyo fungasha, uondoke. Ukitaka mambo ya kale, tembelea ofisi yoyote ambayo faili zake hazijasogea tangu zama hizo za kati.

Nisalimie mpishi wako, na yule kijana anayepiga mawe mswaki.

Wako katika haki na maumivu ya kiuno,
Mwalimu Kerrow, mstaafu

Tanbihi: Binti yangu Bishara amekataa kufunga bahasha. Anasema, "Aabo, unakwenda kwa Mungu na uongo huu?" Basi sikiliza. Tulipomchimbia Sharifo kaburi, koleo liligonga ukuta wa chokaa, na katika ukuta huo tukaona lango lenye nakshi. Hakuna mfugaji anayemchongea ngamia nakshi. Niliwanyamazisha wenzangu, tukamlaza papo hapo, tukarudisha mchanga. Mji wako upo, mwanangu, na mke wangu amelala mlangoni pake. Ngoja nizikwe kando yake. Kisha chimbeni kutokea mashariki, mtuache tulipo, na mkifika langoni mpige hodi. Sharifo hapendi mgeni anayeingia kimyakimya.