Kigari cha Umeme na Nyumba Yenye Mlango

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya kumi na sita ya ndoa yangu. Ansbert amekunywa chai, akaniachia nusu ya andazi lake. Nusu kubwa! Nani mwingine Dar es Salaam nzima ana mume kama huyu?

Tatizo ni moja tu. Tunalala sebuleni kwa dada yake, wifi Kokushubila, hapa Kipawa. Kati yetu na dunia kuna pazia. Wifi anaamka alfajiri kusali rozari, anaruka miguu yetu, kisha anauliza kama tumelala vizuri. Juzi nilimnong'oneza Ansbert kwamba nampenda. Wifi akajibu kutoka chumbani kwake kwamba amefurahi kusikia hivyo.

Lakini leo, habari njema! Mimi na Ansbert tunafanya kazi Mtoni Kijichi, kwenye bustani ya Bi Mwanabaraka inayokodishwa kwa harusi. Ansbert anasimamia bustani, mie nafunga vitambaa kwenye viti. Bi anataka kununua kigari, vile vya kwenye viwanja vya gofu, kibebe viti, maji, mbolea na takataka. Wauzaji wawili wanaleta vya kujaribu: kimoja cha petroli, kimoja cha umeme. Na atakayekitunza atahamia nyumba ndogo iliyo nyuma ya stoo. Vyumba viwili! Na mlango! Unaofungwa!

Kikiwa cha petroli, atakitunza Mwishehe, dereva wa lori, anayejua injini. Naye ana mke, Salma, na macho yao yako kwenye nyumba hiyohiyo. Kikiwa cha umeme, ni Ansbert wangu, aliyesomea umeme chuo cha ufundi.

Basi kitakuwa cha umeme. Nimeshaamua.

Jumanne, 15 Julai

Cha petroli kimefika. Chekundu. Kinanguruma kama mashine ya kusaga. Mwishehe amekipakia viti themanini, akapanda navyo mwinuko mpaka ukumbini bila kupumzika, huku akinipungia mkono kama bwana harusi. Akaniambia nianze kuizoea hiyo sauti, shemeji, ndiyo nitakayokuwa naisikia miaka yote.

Nikaja na mpango. Kukohoa! Kila kilipopita nilikohoa nikiwa nimeshikilia kiti, ili Bi aone moshi unavyoumiza wafanyakazi. Mara ya tatu akaja mwenyewe. Nikamwamkia, nikakohoa tena. Akasema yeye kapikia makumbi ya nazi miaka thelathini na kifua chake kizima. Kisha akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akauliza ndoa ina siku ngapi. Akatabasamu. Akampigia simu wifi!

Nimefika nyumbani, wifi amenikalisha kwenye lile kochi lenye vitambaa, ambalo halikaliwi na mtu. Wakwe zangu Bukoba wameshaambiwa. Nimekana. Wifi amesema wote huanza kwa kukana. Na kuhama, tusahau: atanilea hapahapa sebuleni mpaka mtoto atembee.

Mtoto gani? Nilikohoa tu!

Ansbert ameuliza polepole kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Akasema sawa, lakini kochi ni zuri, nilikalie tu. Hekima iliyoje!

Jumatano, 16 Julai

Mama mkwe anakuja kutoka Bukoba kunitazama. Anafika Jumanne ijayo. Atalala wapi? Sebuleni. Pamoja na sisi.

Nyumba inahitajika kabla ya Jumanne.

Kigari cha umeme kimekuja leo. Cheupe! Kimya! Ansbert amenipakia kutoka getini mpaka stoo, nami nikamsikia akipumua. Kwenye cha petroli ningemsikia akipumua? Bi akauliza, umeme ukikatika je? Ansbert akamjibu kwamba kikishajaa chaji kinafanya kazi kutwa. Alivyolitamka hilo "kutwa"! Nikaona nyumba ni yetu.

Bi akageuka kupokea simu. Kigari kikamfikia mgongoni bila yeye kujua. Akarukia kwenye maua na simu yake. Alipotoka humo alisema kitu kisichopiga hodi si cha kiungwana.

Sikukata tamaa. Nilikuwa na vijiko kumi na viwili nilivyopewa kwenye kicheni pati yangu. Nikavifunga kwa uzi chini ya kiti cha nyuma. Sauti nzuri ajabu, kling kling kling, bustani nzima! Baada ya dakika kumi wakaingia wazee wanne wanaocheza bao nje ya ukuta. Wakatoa salamu, wakauliza muuza kahawa yuko wapi, maana wamesikia vikombe vyake. Wawili wakaketi kabisa kumsubiri. Bi hawezi kumfukuza mgeni, basi akaingia jikoni akawapikia kahawa mwenyewe. Wakaulizia na kashata.

Mwishehe akapita karibu yangu, akaniuliza, shemeji, na tende unazo?

Ijumaa, 18 Julai

Vijiko vimefunguliwa kwa amri.

Bi ametangaza kwamba kesho ndiyo kesho. Kuna harusi ya Wachaga, watu mia nne. Vigari vyote viwili vitafanya kazi, kisha ataamua. Mwishehe atabeba soda na barafu. Sisi tutabeba ndafu! Yule mbuzi mzima wa kuchomwa, aliyesimamishwa na majani mdomoni, anayeingizwa ukumbini kwa muziki na watu wakimchezea mbele. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye harusi! Ishara hiyo.

Nimekipamba kigari kwa utepe mweupe. Ansbert ameniagiza nikichomeke kwenye chaji kabla hatujaondoka. Kwenda stoo, nakuta soketi ni moja tu na imekaliwa na friza. Nikafikiri vizuri. Friza imeshapata baridi yake. Kigari bado hakijapata umeme wake. Nikachomoa friza.

Sikumwambia Ansbert. Ana mambo mengi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nimevaa kanga ya kuazima.

Asubuhi Mwishehe amefungua friza akakuta maji. Barafu yote maji, soda za moto. Akapaza sauti kuuliza ni nani. Mie nilikuwa nafunga kitambaa kwenye kiti, nikakifunga sana. Nikadhani atatukanwa yeye. Wapi! Amewasha kigari chake, akatoka nacho getini kama zimamoto, na baada ya robo saa karudi na magunia mawili ya barafu. Bi akampa pole na asante palepale. Nimemfanya Mwishehe shujaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini jioni ilikuwa zamu yetu. Chaji imejaa! Ansbert kwenye usukani, shati jeupe. Mie pembeni, nimemshika mbuzi asianguke. Wenye harusi wanacheza mbele, hatua mbili mbele, moja nyuma. Kigari nacho mbele, nyuma. Kila kikirudi nyuma kinalia pii pii, na DJ akaudaka mlio huo akaupigia ngoma. Watu wakashangilia! Mama wa bwana harusi akamshusha Ansbert ili amfunge kanga kiunoni na kucheza naye. Nikamtazama mume wangu anavyokata mauno na kanga ya watu. Nikasisimka. Nikasogea kwenye nafasi yake nimwone vizuri, nikaanza kucheza nikiwa nimekaa, kwa mabega, kisha kwa miguu.

Mguu mmoja ulikuwa juu ya pedeli.

Kigari kikaondoka. Kimya! Hakuna aliyesikia, wote walikuwa wanamtazama Ansbert. Kikapita mlango wa pembeni, kikashuka mteremko, nami nimemkumbatia mbuzi. Nilimwita Ansbert. Muziki ukanishinda. Nikaingia kwenye bwawa la samaki taratibu kabisa, kwa heshima, maji mpaka kiunoni.

Huko ukumbini, nimeambiwa, MC alitangaza ndafu kwa maneno marefu, akanyoosha mkono, na watu mia nne wakatazama pasipo na kitu.

Ansbert ndiye aliyetuona kwanza. Ameingia majini na viatu vyake vya harusi yetu! Ameniuliza kama nimeumia, kabla ya kumuuliza mtu yeyote habari za mbuzi. Nilimpenda upya. Mwishehe akaja na kamba na kigari cha petroli, akatuvuta wote, mie, kigari na mbuzi. Mbuzi alikuwa bado na majani mdomoni.

Jumapili, 20 Julai

Tumetoka misa, Bi akatuita. Tulimpa shikamoo zetu tukiwa tumeinama.

Alikuwa amecheka mpaka sauti imekauka. Wenye harusi walimkausha mbuzi, wakamrudisha jikoni akapata moto kidogo, wakala. Fundi wa muuzaji amekikagua kigari chao, kizima. Lakini Bi ameamua. Cha umeme ni kizuri sana, amesema, kwa watu wanaojua kiko wapi. Hapa kuna mteremko, mchanga na kuvutana kwingi. Atanunua cha petroli. Nyumba ni ya Mwishehe na Salma.

Nililia kidogo. Ansbert akanishika mkono, akasema tutapata yetu. Mwishehe naye akaja, hakucheka, akasema pole shemeji. Salma ameniahidi kunikaribisha chai. Kwenye nyumba yangu!

Wakati tunaaga, Bi akasema kazi inayofuata ni nyasi. Zimemshinda. Anawaza anunue mashine ya kukatia, au afuge kondoo wazile. Kondoo akiwafuga, pale bandani kuna chumba cha mchungaji. Kimoja, lakini kina mlango.

Ansbert alikuwa ameshatangulia getini. Nikamwambia Bi kwamba mume wangu amezaliwa zizini, kalelewa na kondoo, anaongea nao. Bi akasema basi kondoo.

Wanafika kesho, kondoo ishirini. Ansbert amekaa hapa kwenye kochi la vitambaa, ananimenyea chungwa. Nimemuuliza tu, kama mazungumzo, kama amewahi kumshika kondoo. Amesema anawaogopa tangu utotoni.

Mume wangu mzuri! Atazoea.