Filamu ya Vyungu vya Ibaba

Siku Makame alipogeuka kuwa mtengeneza filamu, asubuhi yake alikuwa bado daktari wa mifugo. Ng'ombe wa mtu kule Mbangala alikufa upesi kuliko tiba ilivyopanga, na Makame akaona ni vyema awe Tunduma kabla ndugu wa marehemu hawajakusanyika. Alipofika mjini akapitia dukani kwa Zaitun kuchaji simu.

Zaitun, mama wa Kitanga aliyeuza chochote kinachovuka mpaka, alikuwa analalamika. Mteja wake wa Nakonde, upande wa Zambia, mwenye hoteli, amechoshwa na plastiki. Sasa anataka vyungu vya udongo, vya kufinyangwa kwa mkono, vyenye historia.

"Vipo Ibaba, kule Ileje," Zaitun alisema. "Akina mama wa kule wanafinyanga chungu mpaka unatamani kukitolea mahari. Lakini hawauzii wachuuzi. Wanavikusanya wakauze wenyewe, wapate bati za kuezekea banda lao."

"Hawauzi," Makame akarudia polepole, macho yameanza kung'aa. "Na wakiombwa kwa ajili ya filamu?"

Ni haki msomaji aelewe kwamba Makame hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Makame alikuwa anapewa. Tofauti hiyo aliwahi kuwafafanulia polisi kwa ufasaha mkubwa, nao wakapendezwa wakamweka wiki mbili aendelee kufafanua.

Zaitun alikubali kumwazima kirikuu chake cha kubebea mizigo, kwa sharti.

"Pikipiki yako ibaki hapa. Ukileta vyungu vya kuuzika, uichukue. Ukiniletea stori, basi tena, ni yangu."

Pikipiki ile ndiyo kitu pekee ambacho Makame aliwahi kukinunua kwa jasho lake, na aliipenda hasa. Kila jioni aliifuta vumbi kabla hajanawa uso. Akakabidhi ufunguo huku akitazama pembeni.

Vifaa vya sinema havikumsumbua. Alikuwa na kamera ya harusi iliyokata roho zamani, akaibandika taa nyekundu ya baiskeli ili iwe inamwekamweka. Kipaza sauti akakitengeneza kwa mpini wa fagio na kizulia cha chooni chenye manyoya. Kofia akaigeuza kisogoni, kwa imani kwamba duniani hakuna mwongozaji wa filamu anayevaa kofia ikatazama mbele.

Ibaba ilimpokea kwa ukungu, baridi, na mama mmoja mfupi aliyekuwa anaanua vyungu mbele ya banda lisilo na paa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ndiye Roda, mwenyekiti wa wafinyanzi. Umekuja kupiga filamu."

Makame akashtuka, maana alikuwa hajasema kitu. "Umejuaje?"

"Kofia," alijibu Roda.

Wanawake wakakusanyika, na Makame akajisafisha koo.

"Mama zangu, dunia inalia! Paris wanalia, Tokyo wanalia. Wamekaa kwenye viti wanasubiri kukiona kidole gumba cha mwanamke wa Ibaba kikizama kwenye udongo. Filamu itaanza na ukimya wa dakika kumi na moja. Baada ya hapo chungu kitaongea."

"Kitasema nini?" aliuliza Ruti, mfinyanzi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na wasiwasi ulikuwa wazi usoni pake.

"Kitamlaumu baba yake."

Wanawake wakatikisa vichwa kwa huzuni. Inaonekana walimfahamu baba huyo.

"Mwisho kabisa," Makame akaendelea kwa sauti ya chini, "vyungu vyote vilivyomo bandani nitavipeleka studio Tunduma, vipigwe picha za karibu. Baada ya wiki mbili vinarudi, vikiwa na filamu yao."

Alijiandaa kubishiwa. Hakuna aliyebisha.

"Haina shida, baba," alisema Roda. "Ila kuna mila."

"Mila ndiyo filamu yenyewe!" akadakia Makame, na hapo ndipo mdomo ulipomponza.

Mila, kwa maelezo ya Roda, ilikuwa hivi: mgeni akiutazama udongo bila kuukanyaga kwa miguu yake, vyungu vyote vinapasuka.

"Hata vilivyokwisha kuchomwa?"

"Hivyo ndivyo vinavyoanza. Tena vinapenda kupasukia kwenye gari."

Makame akaiona pikipiki yake ikikabidhiwa kwa mtu mwingine, mtu asiyejua kufuta vumbi. Akavua viatu.

Siku tisa alikaa Ibaba. Alichimba udongo bondeni ambako maji ni ya baridi mpaka magoti yanasahau kazi yake. Aliupandisha mlimani kwa kichwa, akaukanyaga shimoni, akapasua kuni za kuchomea. Kamera ilikaa juu ya kisiki inamwekamweka, na akina mama wakaota jua pembeni yake wakiimba ili filamu iwe na muziki. Akichoka sana, Makame alipiga kelele "Kata!" apate kupumua.

"Turudie," Ruti alikuwa anasema. "Mzigo huu umeubeba bila hisia."

Basi akarudia, kwa hisia.

Kumbe mila ilikuwa na sura ya pili. Mguu uliokanyaga udongo lazima uone chungu chake. Kila alasiri Makame aliketishwa chini akafinyanga, chungu baada ya chungu. Chungu chake cha kwanza kiliinama kuelekea Malawi. Cha pili kilikuwa na mdomo kama wa mtu anayetaka kupiga chafya. Siku ya saba alitoa kimoja kilichosimama chenyewe kwa muda wa kutosha, akafurahi sana, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Siku ya tisa alitumwa mtoni akaoge, maana mila haikutaka mtu aondoke na tope la watu. Aliporudi, matenga manne yalikuwa yamejaa, nyasi kavu zimetandazwa juu, na kamba zimeshonwa kuzunguka.

"Mwanaume hafungui," Roda alionya. "Afungue mwenye kupokea."

Makame hakuwa na haja ya kufungua. Aliondoka kwa vigelegele, na kwenye kioo cha kirikuu akamwona Roda anafuta machozi ya kweli. Roho ikamsuta kidogo, mpaka alipofika kwenye lami.

Alipofika dukani kesho yake mchana, Zaitun alikata kamba akatoa chungu, akakiweka juu ya kaunta. Kikatafakari kidogo, kikalala ubavu. Akatoa kingine: kilikuwa na alama ya kiganja kizima cha mwanaume. Tenga la pili, la tatu, la nne, yote yalikuwa hayohayo. Makame alivitambua kimoja kimoja, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Zaitun alichukua ufunguo wa pikipiki akautumbukiza kwenye droo, akaifunga.

Makame akapiga simu Ibaba.

"Mama Roda! Mmenibadilishia vyungu!"

"Tumekupa vyako, baba. Vyetu tuliviuza mnadani Isongole Jumamosi ile, wewe ukiwa shimoni. Bati tumepandisha jana ulipoondoka tu, banda linapendeza sana."

"Na mila je?"

"Hiyo tuliitunga mwaka juzi. Kabla ya hapo walikuja watano, na kamera zao nzuri. Walipiga, wakatuambia tutabasamu, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuonyesha sura zetu. Ikatuuma. Tukakaa kikao, tukaandika na muhtasari."

"Lakini ulilia, mama! Nimekuona kwenye kioo!"

"Nililia kweli. Hatujawahi kupata mkanyagaji kama wewe."

Upande wa pili wa simu Makame akasikia tope linakanyagwa, chwa, chwa, na mwanaume anahema.

"Nani huyo?"

"Mgeni, wa Dar es Salaam. Kaingia shimoni leo asubuhi, anatengeneza filamu."

"Ana kamera ya kweli, au kama yangu?"

"Hatujui, baba," alisema Roda. "Sisi huwa tunaangalia miguu."