Mwalimu wa Kura Tatu

Ndugu zangu wa Mkwaja, leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya mstari mzima wa wapiga kura, mbele ya askari, mbele ya Rajabu, vidole vyangu viwili vikiwa ndani ya sanduku la serikali.

Nawaandikia mbiombio kwa sababu lori la kuja huko linaondoka kesho asubuhi, na dereva wake alikuwapo pale pale. Mnamjua yule bwana. Kisa kikipita mdomoni mwake, kitafika Mkwaja mimi nimeshafungwa miaka sita. Bora mkisikie kwangu.

Nianze mwanzo. Uchaguzi wenyewe mnaujua ulivyo wa ajabu. Mpiga kura anapewa karatasi moja, na katika karatasi hiyo lazima achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ukimchagua mmoja ukawaacha wawili, karatasi yako imekufa, haihesabiwi. Hilo ndilo lililotunyima raha chamani. Watu wetu wengi walikuwa wakituambia, mimi nampa mtu wangu, basi, hao wengine wa nini? Kwa hiyo akatakiwa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Chumbageni kufundisha kura tatu. Nikachaguliwa mimi, karani wa ghala la mkonge, mwenye cheti cha darasa la nane na sauti ya kuuzia samaki.

Wiki tatu kabla ya siku ya kura, mwenyekiti wetu wa tawi, Mzee Mbwana, alituita akatupa mpango. Alikuwa na daftari, na majina ya wapiga kura ameyagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni waliosema ndiyo. La pili ni waliosema hapana. La tatu ni waliosema inshallah. Akatuambia wa ndiyo tuwaache wapumzike, wa hapana tuwasalimie tu, nguvu zetu zote ziende kwa wa inshallah, maana hapa kwetu vyama vinakwenda bega kwa bega na hao ndio watakaoamua. (Tanga nzima inasema inshallah. Kazi ilikuwa kubwa.)

Jina la kwanza katika fungu hilo lilikuwa Bi Mize.

Bi Mize ni yule mkunga wa hospitali aliyestaafu, anayekaa nyumba ya pembeni yenye mlango wa kijani. Nusu ya Chumbageni imeingia duniani kupitia mikono yake, mimi nikiwamo. Manesi wote wanamsikiliza, na waume wa manesi wanawasikiliza wake zao. Akielekea upande, watu kumi wanaelekea naye. Nikasimama mbele ya kamati nikasema, huyo niachieni mimi. Mzee Mbwana akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nisipomleta Bi Mize, risala ya kumkaribisha mgombea wetu asome mtu mwingine. Na risala hiyo nilikuwa nimeshaiandika, nimeshaihifadhi, nimeshaisoma mbele ya kioo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Basi nikaenda, alasiri ya siku ile ile. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha barazani. Kabla sijafungua mdomo akanisogezea kibao cha mbuzi na nazi nne. Akasema kiuno chake siku hizi hakimruhusu kuinama, nimsaidie tukizungumza. Ningefanyaje? Nikapandisha kanzu, nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi. Mimi, mwanamume mzima mwenye watoto wanne, barazani, watu wanapita wanasema masalkheri.

Nazi zilipokwisha akaleta kahawa, nami nikapata njia ya kufundisha. Nikapanga vikombe vitatu juu ya sinia. Nikamwambia huyu ni Mwafrika, huyu Mhindi, huyu Mzungu. Nikanywa cha kwanza, nikanywa cha pili, nikanywa cha tatu. Nikamweleza kwamba ukinywa kimoja ukaviacha viwili, mwenye nyumba anamwaga vyote na wewe huhesabiwi kuwa umekunywa. Akatikisa kichwa akasema nimeeleza vizuri. Kisha akasema, tusome fatiha. Tukainua mikono, tukasoma, tukapaka nyuso zetu, amin. Mnajua kwetu ilivyo: fatiha ikishasomwa jambo limefungwa, mtu anainuka anakwenda zake. Nikainuka. Nimefika mlangoni nikamuuliza sasa kura yake tuiweke wapi.

"Inshallah," akasema.

Nilirudi kesho yake. Na keshokutwa. Wiki tatu, ndugu zangu! Nazi nne, kahawa tatu, fatiha moja, inshallah. Mikono yangu ikawa inanuka tui mpaka ghalani wakaanza kuniuliza kama nimefungua mgahawa. Mke wangu akapata habari, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu nikakuta mbuzi yetu imewekwa katikati ya chumba na nazi juu yake. Nilikuna.

Wiki ya mwisho ndipo nikagundua jambo. Siku hiyo nilitoka kazini mapema, nikaenda kwa Bi Mize kabla ya adhuhuri. Nani namkuta uani, jasho linamtiririka, anapasua kuni? Rajabu! Rajabu mpiga debe wa chama kile kingine. Kumbe yeye zamu yake asubuhi, kuni na maji. Mimi zamu yangu alasiri, nazi. Tukatazamana kama wezi waliokutana dirisha moja. Nikamlalamikia Bi Mize kwamba hii si haki, akate shauri. Akaniangalia kwa upole kabisa, akasema yeye hawezi kuharakishwa.

"Nyote wawili nimewapokea mimi," akasema, "na nyote mlitoka mnalia. Nitampendelea nani?"

Mimi nadhani, na naomba msimwambie, kwamba mwanamke yule alikuwa hajapata kuhudumiwa vile tangu mumewe afariki, na hakuona sababu ya kuamua mapema. Nilikasirika, kweli. Lakini pia niliona namna alivyokuwa akituwekea mimi na Rajabu kashata mbili mbili, zilizofunikwa kwa kawa, kila mtu na zake. Hasira yangu haikufika mbali.

Sasa leo.

Leo nimeamka alfajiri, nikaoga, nikavaa kanzu nyeupe, koti, kofia ya viua, na pete ya marehemu baba, ile ya fedha yenye akiki. Nina miaka thelathini na saba na sijapata kupiga kura katika maisha yangu. Baba hakupiga. Babu hakuijua. Nikampitia Bi Mize tukaenda pamoja mpaka skuli inakopigiwa kura, yeye na buibui lake na mkoba wake wa ukindu. Njiani nikamuuliza ameamua? Akaniambia tusubiri tufike.

Mstari ulikuwa mrefu mpaka nje ya uwanja. Nami, ualimu umenipanda kichwani, nikawa natembea na mstari kuuliza watu: ngapi? Wananiitikia: tatu! Ngapi? Tatu! Mpaka askari akaja akaniambia kwa adabu kwamba hapa kampeni imekwisha, nirudi mahali pangu. Nikarudi, mbele ya Bi Mize. Rajabu alikuwa nyuma yake, anatabasamu kama mtu asiyejua kupasua kuni.

Zamu yangu ikafika. Ndani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza msimamizi, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili safi. Akanipa karatasi, akanionyesha pembe yenye pazia. Nikaingia. Nikaiona karatasi na jina la mgombea wetu lilivyoandikwa kwa chapa, jina la mtu tuliyecheza naye gololi. Machozi yakanijia. Nikasema bismillahi, nikatia alama, alama nzuri, imenyooka. Nikaitazama. Moyo ukanijaa, nikainua mikono nikasoma fatiha kwa ajili ya baba na babu na mgombea na nchi nzima. Nikapaka uso. Amin. Mikono yenyewe, wallahi mikono yenyewe, ikakunja karatasi. Nikatoka nje ya pazia, nikaitia karatasi kwenye sanduku, nikaelekea mlangoni nimetulia kama mtu aliyetoka msikitini.

Mlangoni nikamkuta Bi Mize anasubiri kuitwa. Nikamwinulia vidole vitatu kumkumbusha. Tatu, Bi Mize.

Vikabaki hewani.

Vidole vitatu. Alama moja. Kikombe kimoja, kisha fatiha!

Nikageuka mbio. Nikamwambia msimamizi, bwana, naomba karatasi yangu kidogo tu, kuna wawili nimewasahau. Akanijibu bila ukali kwamba kura ikishaingia haitoki. Nikamwambia hii haijaingia sawasawa, na kweli, nilikuwa nimeikunja vibaya, ncha yake ilikuwa inachungulia kwenye tundu la sanduku. Ningeinyamazia? Kura yangu ya kwanza, naiona kwa macho, inakufa? Kabla hajasema neno la pili nikatia vidole.

Karatasi ikaanguka ndani. Vidole vikabaki. Pete ya marehemu baba ikanasa kwenye bati.

Nikavuta, haikutoka. Nikazungusha, ikazidi. Askari akaja, akashika sanduku huku, mimi nikavuta kule, ikawa kama tunagombania kuku. Upigaji kura ukasimama. Watu mlangoni wakaanza kupandana mabega kuona kuna nini, na nikasikia habari inatembea kwenye mstari kwenda nje, mtu kwa mtu: mwalimu wa tatu amepiga moja. Mwalimu wa tatu amepiga moja! Kisha kicheko, na katikati ya kicheko nikakitambua kile cha Rajabu. Mzee Mbwana alikuwa dirishani. Yeye hakucheka. Alifumba macho, na hilo liliniuma zaidi.

Bi Mize akapita. Hakumwomba mtu ruhusa. Akaweka mkoba juu ya meza ya serikali, akatoa kichupa cha mafuta ya nazi (nazi zangu mwenyewe, jamani, jasho langu), akanimiminia vidoleni, akanishika kiwiko.

"Acha kuvuta. Pumua. Tena, pumua. Legeza mkono."

Nikapumua. Mbele ya Mzungu na askari na Chumbageni nzima, nikapumua kama nilivyoambiwa. Akazungusha pete taratibu, robo huku, robo kule, na vidole vikatoka vinang'aa.

"Nimekutoa mara mbili sasa," akasema. "Ya tatu sitaweza, nimezeeka."

Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, na msimamizi naye akageuka upande wa ukuta. Nikatoka nje, nikaenda kukaa kibarazani mwa darasa la mwisho, uso nimeuficha kwa kofia. Nilikuwa nahesabu. Kura yangu imepotea. Bi Mize hajaamua. Risala imekwenda. Wiki tatu za nazi zimekwenda na maji.

Mara nikasikia harufu ya udi, Bi Mize, ameshapiga kura yake, akakaa karibu yangu. Akanifuta vidole kwa ncha ya kanga yake, kimoja kimoja, kama mtoto. Nikamwomba radhi kwa kumwaibisha. Akaniuliza kumwaibisha vipi. Kisha akanong'ona, kwa sababu kura ni siri na yeye ni mtu wa kushika sheria.

"Nilikuja hapa sijui, mwanangu. Wallahi nilikuwa sijui. Lakini nikaona, Rajabu kura yake itaingia salama, hana shida. Wewe yako imekufa. Sasa nikuache urudi nyumbani mikono mitupu?"

Nilikuwa nimeandaa hoja kumi na nne juu ya ardhi, skuli na ushuru, na hata moja haikufanya kazi iliyofanywa na pete. Nikajikaza nikamuuliza, na wale wawili wengine je, amewatia alama?

Akanitazama kwa mshangao.

"Vikombe vitatu, ndipo fatiha. Kwani wewe ulikuwa ukinifundisha nini?"

Manesi watano walikuwa wamesimama kwenye jua kali karibu na mlango wakimtazama. Akawafanyia ishara ndogo ya kidevu, nao wakaenda kwenye mstari. (Simtaji waliyempa. Nimesema kura ni siri.) Baadaye Mzee Mbwana akaja, akasema Bi Mize nimemleta, risala nitaisoma mimi, neno ni neno, lakini ile sehemu inayoeleza namna ya kupiga kura niifute. Na Rajabu akaniletea glasi ya maji ya kunywa, akaomba samahani kwa kucheka, akashindwa kuimaliza samahani kwa kucheka.

Kuhesabu ni keshokutwa. Niombeeni tusije tukashindwa kwa kura moja, maana nitahamia huko kwenu nikaangue nazi, na kuzikuna nimeshajua. Sasa nasikia mke wangu anasogeza mbuzi, niishie hapa.

Mkinicheka, nichekeni mara moja tu. Tatu hapana.

Wenu,
Hamisi